Je, Wajua? Mvua, Gwaride na Maajabu ya Kajiado

Kuna msemo wa Kiingereza ambao ukimpelekea mzee wa Kimaasai kama ulivyo, atakutazama mara mbili: kumnyeshea mtu mvua kwenye gwaride lake. Maana yake ni kumharibia mtu furaha wakati ndiyo kwanza imepamba moto. Jirani anakueleza, uso umemchangamka, kwamba amemaliza kulipia ploti ya futi 50 kwa 100 kule Korompoi, Kajiado. Kabla hajameza mate, wewe unamuuliza kama hatimiliki ameihakikisha kwenye afisi ya ardhi. Umemnyeshea! Huenda una haki ya kuuliza, lakini umemnyeshea. Tumeufuata msemo huo kutoka New York hadi mji wetu wa Kitengela, tukapita Beijing, tukateremka hadi Magadi. Haya ndiyo tuliyookota njiani.

Wimbo mmoja uliupa mabawa

Msemo huu ulivuma duniani kwa msaada wa msichana wa miaka 21. Machi 1964, mchezo wa muziki uitwao Funny Girl ulifunguliwa Broadway, New York, na Barbra Streisand akasimama jukwaani kuimba kwamba mtu yeyote asithubutu kumnyeshea gwaride lake. Muziki ulitungwa na Jule Styne, maneno yakaandikwa na Bob Merrill, na filamu ya mwaka 1968 ikampa Streisand tuzo ya Oscar. Kumbuka kwamba gwaride la Wamarekani si la askari peke yao. Kuna bendi, magari yaliyorembwa kwa maua na watoto waliobebwa mabegani kuona yanayopita. Wingu moja tu na kazi ya miezi inachuruzika mtaroni.

Mwaka huohuo, harufu ya mvua ilipewa jina

Streisand akiwa bado anailalamikia mvua kila jioni, wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliandika katika jarida la Nature la mwaka huo wa 1964 kuhusu harufu tamu inayopanda matone ya kwanza yanapogusa ardhi kavu. Waliiita petrikori. Sehemu yake ni mafuta ya mimea yaliyojificha kwenye udongo na mawe wakati wa ukame. Sehemu nyingine ni jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya binadamu huinasa jiosmini hata ikiwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichokorogwa katika mabwawa 200 ya kuogelea ya Olimpiki. Mkazi wa Kitengela aliyekula vumbi la barabara ya Namanga tangu Juni hahitaji kuelezwa zaidi.

Roketi 1,104 dhidi ya wingu

Wapo walioamua kupigana na mvua kwa silaha. Jioni ya tarehe 8 Agosti 2008, Beijing ilipokuwa ikifungua Michezo ya Olimpiki, wataalamu wa hali ya hewa wa jiji hilo walirusha roketi 1,104 zenye chembechembe za kemikali ya fedha ili mawingu yamwage maji yake mbali na uwanja. Uwanja ulibaki mkavu. Miaka 16 baadaye, tarehe 26 Julai 2024, Paris haikurusha chochote: mashua 85 zilizobeba wanamichezo zikateremka kilomita 6 za mto Seine, na mvua ikawanyeshea wote, maskini na tajiri, walio na medali na wasio nazo. Hilo ndilo gwaride lililonyeshewa kikweli kweli kuliko lolote ninalolikumbuka.

Sisi tumeyapanga magwaride yetu katikati ya mvua

Chukua kalenda ya Kenya uitazame upya. Leba Dei, 1 Mei, ni katikati ya masika. Madaraka, 1 Juni, masika yakiwa yanaaga. Mashujaa, 20 Oktoba, na Jamhuri, 12 Desemba, zote ziko ndani ya vuli. Hakuna aliyeshauriana na mawingu: nchi ilianza kujitawala Juni 1963, ikapata uhuru kamili Desemba mwaka huo, na kukamatwa kwa viongozi walioshtakiwa Kapenguria kulitokea usiku wa kuamkia 21 Oktoba 1952. Kwa hiyo askari wetu wa gwaride hujifunza mapema jinsi ya kupiga saluti huku maji yakiwaingia shingoni.

Mungu mweusi ndiye mwema

Sasa tufike Kajiado kwenyewe, ambako msemo wa Streisand unapinduka miguu juu. Katika Kimaa, neno Enkai humaanisha Mungu, humaanisha anga, na humaanisha mvua pia. Wazee husimulia juu ya sura mbili za Enkai. Enkai Narok, yaani mweusi, ndiye mwenye huruma: weusi wake ni ule wa wingu lililojaa maji. Enkai Nanyokie, mwekundu, ndiye mwenye hasira, wa ukame na njaa. Hadithi ya kale hueleza kwamba ngurumo ni ugomvi wao. Mweusi anataka kuwapa watu maji, mwekundu anakataa. Radi ikipiga karibu na boma, huyo ni mwekundu anayetaka kuua. Mngurumo ule mzito wa mbali ni mweusi akimzuia mwenzake.

Hapo ndipo mambo mengine yanapoanza kueleweka. Mmaasai anayeng'oa nyasi na kuzishika mkononi anaomba amani, kwa sababu nyasi ni ng'ombe wa kesho, na hakuna nyasi bila mvua. Hata mate, ambayo kwingine ni tusi, kwa wazee wa Kimaasai ni baraka: mtoto hutemewa kidogo ili astawi. Katika nchi kavu, anayekupa unyevu amekupa kitu.

Nchi iliyotia mvua mfukoni

Botswana ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1976 ilipoacha kutumia randi ya Afrika Kusini, sarafu yake mpya iliitwa pula, yaani mvua. Neno hilo limo pia kwenye nembo ya taifa, na watu hulitamka wanapoinua glasi. Fikiria kwenda dukani, unyooshe mkono na kulipa mkate kwa mvua mbili!

Gwaride linaloanzishwa na mvua

Hili ndilo jambo la Kitengela ninalolipenda kuliko yote. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1946 ikiwa na kilomita za mraba 117 tu. Ukiweka eneo hilo ndani ya Kaunti ya Kajiado, lingeingia zaidi ya mara 180. Pande tatu zina ua. Upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi, uko wazi. Mvua zinapoanza, nyumbu na pundamilia huvuka na kutoka kwenda nyanda za Kaputiei, zinazopita Kitengela na kuendelea kusini. Kiangazi kikikaza, hurudi mbugani kutafuta maji. Yaani hapa mvua ndiyo inayopiga baragumu la kuanza gwaride.

Kwa nini watoke mbugani wakati nyasi ndizo zimeota? Kwa sababu nyasi ndefu humficha simba, na za Kaputiei ni fupi na zina madini yanayowafaa nyumbu wanaonyonyesha. Mnyama anapenda kuona mbali anapozaa.

Kilicholivuruga gwaride hili si maji. Ni waya, machimbo ya mawe na ploti. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Miongo minne baadaye walikuwa wamebaki maelfu machache tu. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyama: familia ililipwa dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka, mradi isiweke ua, isichimbe mawe na isikate shamba vipande. Malipo yalipangwa yafike shule zinapofunguliwa, na karo ikatoka kwenye kwato za nyumbu. Bei ya ploti, bila shaka, ilikuwa ikipanda kasi kuliko dola 4.

Udongo unaokula viatu

Tusijidanganye: mjini Kitengela kuna siku mvua humkasirisha mtu. Sababu iko chini ya miguu. Udongo mweusi wa nyanda hizi, ambao mafundi huuita blak kotoni, una aina ya mfinyanzi unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka, nyufa zikiwa pana kiasi cha kumeza simu. Jina lilitoka India, ambako udongo kama huo hulimwa pamba. Hapa kwetu hulimwa gambuti! Nyumba ikijengwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa, udongo utaiinua msimu mmoja na kuiachia msimu unaofuata, na ukuta utatoa ushahidi.

Blanketi bichi lina sayansi yake

Waingereza wana jina la mtu ambaye kila akiingia shereheni, sherehe inalala: blanketi lililolowa. Asili yake ni kazi ya kuzima moto. Blanketi huziba hewa, lakini mchawi mkubwa ni maji yaliyomo. Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke hufyonza joto zaidi ya mara 6 ya lile linalotumika kuyapandisha kutoka ubaridi wa kawaida hadi kuchemka. Moto huporwa joto lake mbele ya macho yako.

Ukiongeza ule wa kumwagia maji baridi, misemo hii mitatu haitumiki ovyo, ukitaka kujua. Gwaride hunyeshewa mtu akiwa tayari anafurahi. Maji baridi humwagiwa wazo au mpango ambao haujaanza. Blanketi ni mtu mwenyewe, na kila ukoo una wake. Usinitajie wa kwenu.

Dunia nzima humwaga maji, sisi hutia mchanga

Wachina pia humwagia mtu maji baridi anapopata wazo la kusisimua. Wajapani husema umetia maji. Wahispania wana neno moja la kumwita mharibifu wa starehe, aguafiestas, mtia maji sherehe. Mataifa yaliyo mbali hivyo kufikia picha moja si jambo dogo. Kiswahili chetu kilipata picha yake jikoni, ufuoni: kitumbua kimeingia mchanga. Anayejua kitumbua cha moto, chenye nazi, asubuhi, anajua kwamba hicho ni kiwango kikubwa zaidi cha huzuni. Vijana wa stejini Kitengela nao watakuambia usiwakate stimu, neno lililotokana na mvuke, ule ule uliokuwa ukisukuma garimoshi.

Maji baridi kutoka mlimani

Maji ya kumwagia watu Kitengela yangekuwa ghali. Sehemu ya maji ya bomba ya mji huu husafiri kutoka chemchemi za Nol Turesh, chini ya mlima Kilimanjaro upande wa Loitokitok. Ndege akiruka moja kwa moja kutoka huko hadi Kitengela atakwenda kama kilomita 170, na bomba haliendi moja kwa moja. Kilimanjaro wenyewe, kwa mita zake 5,895, huizibia mvua nchi ya Amboseli, kisha huirudishia maji kwa chini chini kupitia mawe ya volkano. Ndiyo maana tembo huoga kwenye vinamasi katikati ya vumbi. Kinamasi kimoja kinaitwa Enkongo Narok; bila shaka umekitambua kile cheusi chema.

Samaki asiyejua baridi

Toka Kiserian kwa barabara ya Magadi na utapita mahali panapoitwa Kona Baridi, kwenye bega la milima ya Ngong. Funga sweta hapo, kisha jiandae kuivua: Ngong hufikia mita 2,460 juu ya bahari, na Ziwa Magadi liko kwenye mita kama 600. Kampuni ya magadi ilianzishwa huko mwaka 1911, na reli ikaletwa kutoka Konza kubeba mzigo.

Pembezoni mwa ziwa, kwenye chemchemi za moto, anaishi samaki mdogo kuliko kiganja, jamaa wa ngege. Huvumilia maji yanayozidi nyuzi 40 na yenye ukali wa magadi ambao ungewaua samaki wengi. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia mashavu, lakini katika maji ya Magadi amonia haitoki kwa urahisi. Huyu akabuni njia nyingine: hutoa urea, kama wewe na mimi. Ukitaka kumharibia siku yake, mletee ndoo ya maji ya kawaida ya baridi.

Mtoto aliyewakata simba stimu

Kusini mwa mbuga ya Nairobi, pembezoni mwa Kitengela, mvulana Richard Turere alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake akiwa na miaka 9. Simba walikuwa wakitoka mbugani usiku na kuwala. Kijana alianza na moto. Ulimsaidia simba kuona zizi vizuri zaidi. Akaweka sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walirudi nyuma. Usiku wa pili waliona kitu hakisogei, wakaingia. Kisha usiku mmoja akatembea kandokando ya zizi na tochi, na simba hawakuja. Akagundua kwamba wanaogopa mwanga unaohama.

Alikuwa tayari na ujuzi wa umeme, alioupata kwa kuifungua redio mpya ya mama yake, jambo ambalo mama hakulifurahia. Akiwa na miaka 11 alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya jua, kisanduku cha indiketa cha pikipiki na taa za tochi zilizoharibika, akazipanga ukutani mwa zizi zikimulika zamu kwa zamu. Simba akitazama huamini kuna mtu anazunguka. Turere mwenyewe alikuwa kitandani amelala. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alisimama California kwenye jukwaa la TED kuwaeleza watu wazima jinsi ilivyofanyika, na taa hizo zikaenea kwenye maboma mengine na nchi nyingine. Simba anarudi mbugani na njaa yake, lakini anarudi akiwa hai. Hiyo ndiyo namna pekee ya kukata stimu ambayo anayekatwa angepaswa kushukuru.

Olimpiki isiyo na simba

Nao morani, vijana wa Kimaasai? Kuua simba kulikuwa heshima ya ujana, na huwezi kuzima heshima ya kijana kwa kumwambia tu aache. Mwaka 2012 wazee wa Kimaasai na shirika la Big Life waliwapa uwanja mwingine: Olimpiki ya Kimaasai, huko Kimana, kusini mwa Kajiado, mlezi wake akiwa David Rudisha, wakati huo bingwa wa dunia wa mita 800, na Mmaasai mwenyewe. Kuna kurusha rungu, kurusha mkuki, mbio za mita 200, 800 na 5,000, na kuruka juu. Huko kuruka hakuna godoro wala kuangukia mgongo. Kamba hufungwa juu, na morani hupaa wima, miguu pamoja, kama anavyoruka kwenye ngoma, mpaka aiguse kwa utosi wake. Kamba inapandishwa, wanaofikia wanapungua. Manyatta inayoongoza kwa pointi hupelekewa fahali.